Bawabu Aliyeogopa Meno

Lisemwalo halipo, na kama halipo wala haliji. Najua wahenga walisema kinyume chake, lakini wahenga hawakuwahi kusimamia ukuta wa mtandao. Mimi ndiyo kazi yangu, na asubuhi ile ukuta wetu ulikuwa unasema, kwa herufi nyekundu, kwamba meno ya watu yana virusi.

Nianze na meno, maana bila meno hapa hakuna hadithi. Shangazi yangu ana karakana ya meno bandia. Si kliniki, kwetu haji mtu kuachama. Daktari wa meno anapitisha kamera ndogo kinywani mwa mgonjwa wake, picha inageuka faili, faili inasafiri kwenye mtandao mpaka kwetu, na sisi tunachonga jino kutoka kwenye kipande cha kauri. Chumba cha mbele kina kompyuta na Shangazi. Cha kati kina mashine ya kuchonga, ambayo ikiwa kazini inalia kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Cha nyuma kina plasta ya kuumbia meno, nta, tanuri dogo na Fundi Gego.

Gego si jina lake, lakini hata mkewe anamwita hivyo. Alianza kuchonga meno kabla mimi sijaota yangu. Ukizungumza naye hakutazami machoni, anakutazama mdomoni, na ukimaliza hujui kama amesikiliza maneno yako au amekagua mapengo.

Mimi nina stashahada ya mitandao na, wakati ule, kipindi cha majaribio kilichokuwa kinaelekea ukingoni. Shangazi aliniita baada ya karakana kuvamiwa na kirusi cha kweli. Kiliingia ndani ya barua ya muuza plasta, mtu mwema wanayemjua miaka nenda miaka rudi, kikafunga kila faili ya kila kinywa. Walilia. Ndipo ukanunuliwa ukuta: kisanduku cheusi chenye taa za kijani, kinakaa juu ya kabati karibu na feni, na kila kinachotoka nje lazima kikaguliwe hapo kwanza ndipo kifike kwenye kompyuta zetu. Sisi tunakiita Bawabu, kwa sababu kazi yake ni ya mlangoni na tabia zake pia: mkali kwa wageni, mpole kwa wenyeji, na haelezi kitu.

Waliomtengeneza Bawabu humtumia masomo mapya mara kwa mara, ajue sura za virusi vilivyozaliwa karibuni. Usiku wa kuamkia siku ile alipata somo. Asubuhi akaamka mjuaji.

"Binti," alisema Fundi Gego, plasta hadi viwikoni, "jino la bwana harusi liko wapi?"

"Bwana harusi yupi, Fundi?"

"Unaishi wapi wewe? Yule aliyefungua soda kwa meno."

Habari ilikuwa hivi. Kijana mmoja anaoa kesho. Jana alikuwa mbele ya wakwe zake watarajiwa, kifungua chupa hakionekani, akaona hapo ndipo pa kuonyesha uanaume. Soda ilifunguka. Jino la mbele nalo halikubaki nyuma.

"Daktari amempiga picha alfajiri," Gego aliendelea. "Anasema ametuma. Mimi sioni kitu. Kuchonga, kuchoma, kupaka rangi, kuchoma tena. Nisipoanza kabla ya adhuhuri, kesho atafunga ndoa na pengo."

Huyu Daktari ndiye nusu ya kazi zetu. Shangazi anamzungumzia kama mkulima anavyoizungumzia mvua.

Nikafungua ukurasa wa Bawabu. Faili zote za Daktari za asubuhi ile zilikuwa zimewekwa kando, ndani ya kizuizi: jino la bwana harusi, gego la mama mmoja, meno ya juu ya mwalimu mstaafu. Pembeni ya kila moja pameandikwa kwamba kirusi kimepatikana. Faili za madaktari wengine zilikuwa zinapita kama maji. Na kwa kuwa Bawabu ana adabu yake, kila alipozuia faili alimpelekea mtumaji ilani, ambayo maneno yake niliyaweka mimi mwenyewe kwa Kiswahili kilichonyooka: *Faili uliyotuma imekutwa na kirusi. Haitapokelewa.*

Simu ya Shangazi ikalia.

"Ndiyo, Daktari," akasema. "Hapana, Daktari. Haiwezekani, Daktari." Akaiweka chini polepole, kama mtu anayetua yai. "Anasema tumemwita mchafu mbele ya mgonjwa wake. Bwana harusi alikuwa amekaa pale pale, akaisoma ilani kwa sauti."

"Bila jino?" Gego akauliza.

"Fundi, tafadhali." Shangazi akanigeukia. "Mwanangu, kuna virusi au hakuna?"

"Nadhani hakuna. Nadhani Bawabu amefananisha."

"Kama amefananisha, mzime."

"Mzime," Gego akaunga mkono. "Mimi nikikosea jino huwa hamniambii pole."

"Nikimzima, Shangazi, mlango unabaki wazi kwa kila mtu."

"Basi mwambie Bawabu asimpekue Daktari. Mtu mzima yule, tunamjua."

"Muuza plasta pia tulimjua."

Hapo wote wawili wakakumbuka. Nikaona nafasi, nikasema nitaipigia kliniki simu niulize walichotuma.

Ungedhani nimetukana. Pale karakana kuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote, na kila mtu anaishika kuliko zile zilizoandikwa: mteja haulizwi. Daktari akituma picha yenye ukungu, tunabahatisha. Akisahau kutaja rangi, tunafikiria. Shangazi amejenga jina kwa sheria hiyo. Madaktari wanaambiana, peleka kwa yule mama, hakusumbui. Fundi Gego aliwahi kusimama nje ya benki tangu inafunguliwa hadi inafungwa, akimsubiri mfanyakazi mmoja acheke ili aone rangi ya meno yake, kuliko kumpigia daktari wake kumuuliza. Alifukuzwa na walinzi mara kadhaa. Jino lilitoka sawasawa, na hadi leo anaihadithia siku hiyo kama watu wanavyohadithia vita.

"Hapigiwi," Shangazi akasema.

Nikapiga.

"Kliniki," ilijibu sauti ya dada wa mapokezi.

"Habari za asubuhi, dada. Napiga kutoka karakana ya meno."

"Ninyi mnaosema tuna virusi?"

"Si sisi, dada yangu, ni mashine."

"Mashine ya nani?"

Nikaona huko sikuwezi. "Dada, nisaidie kitu kimoja. Kuna kilichobadilika hapo kwenu? Kompyuta, programu, chochote?"

"Tumepata kamera mpya. Fundi wake alikuja jana na suti na tai. Hata maji hakunywa."

Nilikuwa nataka kuuliza kamera ya aina gani, lakini simu ikachukuliwa.

"Nani anazungumza?" Alikuwa Daktari.

"Shikamoo, Daktari. Mimi ni wa mitandao."

Shikamoo yangu aliiacha ikining'inia. "Wewe ndiye mtoto wa kaka yake?"

"Ndimi."

"Nimefanya kazi na shangazi yako miaka yote hii, sijawahi kupigiwa simu kuulizwa swali. Leo naambiwa nina kirusi, halafu naulizwa nimekitoa wapi. Nakuja huko na mgonjwa wangu. Nikifika nataka niombwe radhi, na nataka faili zangu zisiguswe tena na hilo dude lenu. Mkishindwa, ng'ambo ya barabara kuna karakana nyingine, na wao hawana bawabu."

Akakata. Shangazi hakuuliza kilichosemwa. Sauti ya Daktari ni ya mtu aliyezoea kuzungumza na watu waliopigwa ganzi, chumba kizima kilimsikia.

Nikaenda chumba cha plasta. Kule kuna kompyuta kuukuu tunayoiita Mtawa, kwa sababu haina mtandao, haina marafiki, na ikiugua inaugua peke yake. Nikampelekea nakala ya faili ya bwana harusi, nikaifungua pale, nikatazama ndani.

Kulikuwa na meno, kweli. Lakini meno hayakuja peke yake. Kamera mpya ilikuwa inafunga kila picha kwenye kifurushi pamoja na kiprogramu kidogo cha kuonyeshea, ili hata mtu asiye na vifaa kama vyetu aweze kuyaona meno yakizunguka kwenye kioo. Kiprogramu hicho kilikuwa kimejikunja. Ukigusa kifurushi kinajikunjua chenyewe na kuanza kazi bila kuamriwa, na hakikuwa na saini ya aliyekitengeneza. Sasa jiweke kwenye viatu vya Bawabu. Umefundishwa usiku kucha kwamba mwizi huja amejikunja, hujikunjua mwenyewe na hasemi ametumwa na nani. Asubuhi anakuja mtu mwema amevaa soksi usoni kwa sababu ya baridi. Utamkaribisha chai?

Nilikuwa na hakika kwamba ni mtu mwema. Karibu na hakika. Kati ya hakika na karibu na hakika ndipo kompyuta za Shangazi zilipowahi kufia, kwa hiyo nikawatumia waliomtengeneza Bawabu ile faili waitazame wao, nikatoka.

Chumba cha kati kilikuwa kimya mno. Fundi Gego alikuwa amepiga magoti nyuma ya mashine ya kuchonga, simu mkono huu, waya mkono huu.

"Fundi."

"Nachaji simu."

"Kwenye mashine ya kuchonga?"

"Ina umeme mtamu."

Alikuwa amempigia dada wa mapokezi, amtumie faili ya bwana harusi kwenye simu yake, aiingize mashineni kwa waya bila kupita kwa Bawabu. Mtu aliyesimama nje ya benki kutwa nzima asipige simu, leo alipiga, na hakuona haya. Nikaweka kiganja juu ya tundu la waya.

"Toa mkono, binti."

"Sitoi, Fundi."

"Kesho yule kijana atapiga picha za harusi amefumba mdomo. Wajukuu zake watauliza kama babu alilazimishwa."

"Na mashine hii ikifungwa kama zile kompyuta, hao wengine wote wanaosubiri meno utawachongea kwa kitu gani?"

"Nilikuwa nachonga kwa kisu."

"Na macho ya wakati ule bado unayo?"

Nilijua ni pigo la chini. Gego akanitazama mdomoni kwa muda, kisha akauviringisha waya na kuutia mfukoni. "Ulimi wako ungekuwa jino," alisema, "ningeung'oa."

Nikarudi kwenye simu. Shangazi aliponiona naiinua akaenda kusimama nje ya mlango, akitazama barabara, ili akiulizwa aweze kusema hakuona.

"Dada, ni mimi tena."

"Daktari ameshatoka, anakuja kwenu. Ungekimbia."

"Nitakimbia baadaye. Fungua pale unapotumia picha. Kuna alama ya tiki karibu na maneno ya kuambatisha programu ya kuonyeshea. Umeiona?"

"Ninaiona."

"Iondoe. Halafu tuma upya. Nataka meno matupu."

"Fundi wa suti alisema tusiguse kitu."

"Fundi wa suti hafungi ndoa kesho."

Akacheka kwa pua. Nikasikia kubofya, kimya, kubofya. Faili ikaingia, ndogo kuliko ya mwanzo, nyembamba kama mtu aliyevua makoti. Bawabu akaipapasa. Taa ya kijani.

"Fundi," niliita. "Njoo umwone bwana harusi wako."

Gego akaja, akainama hadi pua ikakaribia kioo, akayageuza meno huku na huku. "Kinywa kizuri," akanong'ona. "Kinywa kama hiki mtu anafungulia soda." Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, akaenda kuweka kauri mahali pake. Nyuki akaanza kulia ndani ya kopo, na adhuhuri ilikuwa bado haijafika.

Daktari aliingia mashine ikiwa katikati ya kazi. Ni mtu mfupi aliyenyooka, viatu vinang'aa, mkoba kwapani. Nyuma yake kijana mrefu, leso mdomoni. Shangazi akawapa viti, maji, habari za nyumbani na habari za barabarani. Mimi nikamwendea kijana.

"Pole sana, kaka. Tumekuchelewesha."

"Ahsante," akasema, na katikati ya neno ikatoka filimbi. Akarudisha leso haraka. "Mimi sijakasirika, dada. Mimi nataka jino tu."

"Linachongwa, unalisikia."

"Ndiyo hilo linalolia?" Uso wake ukakunjuka wote.

Daktari hakutaka kusikia jino. Alitaka kunisikia mimi, na alikuwa radhi kungoja. Akakaa huku jino likitoka kwenye mashine, likapelekwa tanurini, likapoa, Gego akalipaka rangi kwa kiburashi chenye nywele kama tatu, likarudi tanurini. Kila Shangazi alipoanzisha mazungumzo ya hali ya hewa, Daktari alijibu neno moja na kunitazama.

Jibu la waliomtengeneza Bawabu lilifika jino likiwa bado la moto. Shangazi ndiye aliyelisoma, kwa sauti, huku uso wake ukifunguka kadiri alivyosoma: wameitazama faili, haina kirusi chochote, kosa ni la somo lao la jana, wamelirekebisha, na wanatuomba radhi kwa usumbufu.

"Umesikia?" Daktari akaniambia. "Wenye mashine wameomba radhi. Wewe unasubiri nini?"

Shangazi akanishika mkono, akanivuta chumba cha plasta na kufunga mlango.

"Mwanangu, sema samahani yaishe."

"Samahani ya nini, Shangazi?"

"Ya chochote. Mimi nimeomba radhi kwa watu walionikanyaga mguu. Yule ni mkubwa wako, amekuja kwa miguu yake, ana haki."

"Nimemzuilia kitu ambacho sikujua ni nini."

"Na kilikuwa meno."

"Kilikuwa meno. Ningejuaje kabla ya kutazama?"

Akashusha pumzi. Alikuwa na unga wa plasta kwenye kola, na kwa mara ya kwanza siku ile niliona amechoka. "Nisikilize. Yule akivuka barabara, nusu ya kazi inavuka naye. Gego nitampeleka wapi kwa umri ule? Na wewe majaribio yako yanakwisha, wa kuamua ni mimi. Nataka uendelee kufanya kazi hapa. Nisaidie nikusaidie. Neno lenyewe dogo. Ukishindwa kulisema lote, kohoa katikati."

Nilicheka, na yeye akacheka, na kwa kitambo kidogo nilikaribia kukubali. Shangazi yangu si mtu wa kuomba. Lakini nilijua anachokitaka Daktari. Radhi ingekuwa kifuniko tu; chini yake alitaka apite asitazamwe. Nikishasema nilikosea kumsimamisha, kesho nitamsimamisha kwa mdomo gani? Na siku Bawabu atakapopiga kelele kwa jambo la kweli, mkono wangu utasita, utauliza kwanza, huyu si yule aliyeniliza juzi?

Tukarudi chumba cha mbele. Gego alikuwa ameshalitoa jino, amelilaza kwenye kitambaa cheusi. Bwana harusi alikuwa ameliinamia kama mtu anayetazama mtoto mchanga, na filimbi zilikuwa zinamtoka bila leso. Daktari alilijaribu kinywani mwa kijana, akabonyeza, akamwambia aume, aachie, aume tena. Likakaa. Kijana akatabasamu kwetu sote, mmoja mmoja, kama anayegawa zawadi. Na Daktari mwenyewe, nilimwona, alitaka kutabasamu akajizuia.

"Daktari," nikasema, "faili zako zilikuwa safi. Nalisema mbele ya shangazi yangu, Fundi na mgonjwa wako. Ilani iliyokufikia ilisema kirusi kimekutwa, na hakikukutwa. Maneno yale nimeshayabadilisha. Kuanzia leo itasema faili yako imesimamishwa kidogo, tunaitazama, tutakupigia simu."

"Tutampigia," Shangazi akarudia kwa sauti ya mtu anayesikia msiba.

"Na faili zangu?" Daktari akauliza. "Zitapita bila kuguswa?"

"Zitaguswa zote. Kama za kila mtu."

"Mimi si kila mtu."

Bwana harusi akainua kidole kama mwanafunzi. "Daktari, kwa heshima," akasema, na neno likatoka zima, bila filimbi, hata yeye akashtuka. "Angekuwepo mtu wa kunisimamisha mimi na ile soda, tusingefika hapa."

Fundi Gego akacheka hadi akashika meza. Daktari hakucheka. Akauweka mkoba kwapani, akasimama mbele yangu, na nyuma yake niliiona barabara, na ng'ambo ya barabara kibao cha karakana ile nyingine. Shangazi alikuwa amefumba macho.

"Binti," Daktari akasema taratibu, "nimekaa hapa tangu asubuhi. Nakuuliza mara moja tu, halafu naondoka. Unaniomba radhi au huniombi?"

"Mgonjwa wako nimempa pole, Daktari, na wewe nakupa pole ya safari. Radhi siombi."